Swali Nililopewa kwenye Kipande cha Karatasi

Asubuhi moja ya Machi 2018 mwalimu wetu wa Kiingereza aliingia darasani akiwa na koti lake mwilini, hakulivua, akatuambia na sisi tusiyavue yetu. Aligawa vipande vya karatasi, na kila kipande kilikuwa na swali moja ambalo mwenye nacho alipaswa kumwuliza mtu asiyemjua kabla ya saa sita mchana. Changu kiliandikwa "Does this bus go to Western Avenue?", yaani, je, basi hili linakwenda Barabara ya Western? Nilikuwa na miezi miwili tu mjini Chicago. Nilikisoma kimya, nikakisoma tena kwa sauti ya chini, kisha nikakikunja na kukitia mfukoni kama mtu aliyekabidhiwa barua ya kumpelekea mkubwa.

Wazazi wangu walitoka Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo, wakavuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na mimi nikakulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania. Nyumbani tulizungumza Kibembe, uwanjani na sokoni Kiswahili, na darasani Kifaransa, kwa kuwa shule zetu za kambini zilifuata mtaala wa Kongo. Kwa hiyo sikuja Marekani nikiwa sijui kujifunza lugha. Nilikuwa nazo tatu, na niliamini kwamba ya nne ingeingia kwa njia ileile: mwalimu anaandika ubaoni, mimi ninanakili, kisha ninakariri. Katika majuma ya mwanzo ndivyo tulivyofanya, na nilifanya vizuri. Nilijua kusema jina langu, nchi yangu, idadi ya watoto wangu na siku ya juma.

Tulikwenda Barabara ya Devon, kaskazini mwa jiji, ambako maduka ya Wahindi na Wapakistani yamepangana pande zote mbili na ambako wakimbizi wengi wa miaka ya karibuni wamepata makazi. Nilisimama kituoni, basi likaja, mlango ukafunguka, nikatamka swali langu kama lilivyoandikwa. Dereva alinielewa. Hilo lenyewe lilinishangaza. Lakini jibu lake halikuwa ndiyo wala hapana; lilikuwa maneno mengi yaliyoungana, na mkono wake ukaelekea ng'ambo ya barabara. Nilisimama pale nikiwa nimeishiwa, maana karatasi ilikuwa na swali peke yake. Mwalimu, aliyekuwa nyuma yangu hatua chache, hakunijibia. Alinong'ona tu: "Again, please." Nikalirudia neno hilo, dereva akasema tena taratibu, na ndipo nikafahamu kwamba basi lake lilikuwa linatoka huko ninakotaka kwenda. Nilisimama upande usio wangu. Tanzania magari hupita kushoto, Marekani hupita kulia, na miguu yangu ilikuwa bado inafuata desturi ya Kasulu.

Nimelifikiria sana tukio hilo dogo, na ninaloliandika leo limetokana nalo. Darasani, mwenye kuuliza ni mwalimu. Yeye husema "What is your name?" na mwanafunzi hujibu, yeye husema "Where are you from?" na mwanafunzi hujibu. Hata anapotugawa wawili wawili ili tuulizane, sote tunajua kwamba jibu limeshaandikwa ukurasa unaofuata. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima katika hali hiyo, akapanda ngazi za madarasa, akapewa vyeti, na bado asiwe amewahi kuuliza kwa Kiingereza jambo ambalo kweli halijui.

Kwa mkimbizi jambo hili lina uzito zaidi, na ninaomba msomaji aliyezaliwa na kuishi kwao alitazame kwa makini. Kabla ya kupanda ndege nilikuwa nimehojiwa kwa miaka. Maafisa wa wakimbizi walitaka kujua kijiji tulichotoka na siku tuliyokimbia. Maafisa wa kituo kinachoshughulikia safari za wakimbizi walirudia hayo. Kisha maafisa wa uhamiaji wa Marekani, mmoja mezani na mkalimani pembeni, waliuliza upya kila kitu, na alama za vidole zikachukuliwa, na madaktari wakatupima. Katika vyumba hivyo vyote nilijifunza kujibu kwa ufupi, kwa ukweli, bila kuongeza neno, na kamwe sikuuliza, kwa sababu niliona kwamba anayeuliza sana anaweza kurudishwa nyuma ya foleni. Nilibeba tabia hiyo hadi Chicago. Kwa hiyo mwalimu aliponipa kipande kile cha karatasi, alinipa kitu ambacho nadhani hata yeye hakujua ukubwa wake: ruhusa ya kuuliza.

Nimseme kidogo mwalimu huyo. Alitusihi tumwite kwa jina lake la kwanza, kama walivyo wenyeji wa huko, lakini hatukuweza. Mzee mmoja kutoka Syria alimwita "Teacher", na sisi wengine tukamfuata, kwa kuwa kwetu sote mwalimu haitwi jina kavu. Baada ya siku ya basi alitutoa nje karibu kila juma. Hakuwa akitutembeza. Kila safari ilikuwa na maswali yake, na sheria ilikuwa moja: hakuna kurudi bila jibu.

Safari ya dukani ndiyo iliyonifundisha mambo mengi kwa saa chache kuliko nyingine yoyote. Bei zilihesabiwa kwa ratili, ambayo ni kama gramu 454, wala si kwa kilo. Vibao vilivyoning'inia juu vilikuwa na neno "aisle", yaani njia kati ya rafu, ambalo nililisoma kwa Kiswahili changu, herufi kwa herufi, na hakuna aliyenielewa mpaka nilipoambiwa hutamkwa "ail" tu. Neno la risiti, "receipt", lina herufi P ambayo haitamkwi kabisa. Sisi tuliozoea Kiswahili, lugha ambayo unachokiona ndicho unachokitamka, tunahitaji kuambiwa mapema kwamba maandishi ya Kiingereza na sauti yake ni mambo mawili, yajifunzwe kila moja kwa wakati wake. Mimi niligundua dawa yake siku hiyohiyo. Mwenye kupokea pesa aliniuliza kitu kwa pumzi moja, nikaomba arudie, akarudia, nikaandika daftarini kwa tahajia ya Kiswahili: junidabeg. Nje mwalimu akanifafanulia kwamba yalikuwa maneno matano, "Do you need a bag?", na kwamba mfuko wakati huo ulitozwa kodi ya senti 7 jijini humo, ndiyo maana waliuliza kwanza. Tangu siku hiyo daftari langu likawa na safu mbili, kushoto sauti kama sikio lilivyoipokea, kulia maandishi kama yalivyo vitabuni. Safu ya kushoto ndiyo iliyonisaidia zaidi, kwa sababu barabarani hakuna anayetenganisha maneno kama mwalimu anavyoyatenganisha ubaoni.

Swali langu la dukani lilikuwa la kuulizia mahali kitu kilipo, nami nilichagua bamia. Sikujua jina lake kwa Kiingereza, na kamusi ya simu ilikataa kufunguka. Nikamwambia mzee wa Syria kwa ishara, kidole hiki, rangi ya kijani, utelezi unapopikwa, akacheka kwa furaha akasema: "Bamia!" Neno lilikuwa lilelile kwa Kiarabu. Tukasimama hapo mbele ya mboga tukihesabu mengine, samaki, sukari, kitabu, wakati, dunia, na baba mmoja wa Kiafghani aliyekuwa akisikiliza akadai kwamba kitabu, wakati na dunia ni vya kwao pia. Hatimaye tulikwenda sote watatu kwa kijana wa duka kumwuliza, mimi nikishika usukani wa sentensi, "Where can I find...", na mzee akichora bamia hewani. Kijana akatupeleka mpaka penyewe na kututajia jina, "okra". Neno hilo sikulikariri hata mara moja, wala sijawahi kulisahau.

Maktaba ilikuwa na kikwazo cha aina nyingine, na kikwazo hicho kilitoka katika Kifaransa changu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipita mbele ya jengo lenye neno "Library" bila kuingia, kwa sababu Kifaransa kina neno "librairie", nalo ni duka la vitabu. Nilidhani ukiingia lazima ununue, na sikuwa na pesa za vitabu. Mwalimu alipotupeleka huko nilikuwa nimebana mkoba wangu. Swali langu, alilolichagua yeye, lilikuwa kuuliza gharama ya kadi. Mama wa mapokezi alisema neno moja, "free", nikamwomba arudie, si kwa kutolisikia bali kwa kutoliamini. Kadi haina malipo, kuazima vitabu hakuna malipo, na tangu Oktoba 2019 maktaba za umma za Chicago zimefuta hata faini za kuchelewesha vitabu. Watoto wangu walikuwa wamekosa vitabu miezi mitano kwa sababu ya neno moja la lugha nyingine lililofanana na hili. Ningekuwa nimethubutu kuuliza mlangoni, ningelijua siku ya kwanza.

Kwa wale waliosoma Kifaransa, Kongo, Burundi au kwingineko, maneno ya namna hii ni mengi, na mengine huumiza zaidi. Katika zahanati nilipewa fomu yenye neno "pain", likifuatwa na mstari wa namba kuanzia 0 hadi 10. Kwa Kifaransa neno hilo, kwa herufi zilezile, ni mkate. Nilikaa na kalamu nikijaribu kufikiri kwa nini daktari anataka kujua kiasi cha mkate ninachokula, na nilikuwa nimekaribia kuandika 1, hali mgongo wangu ulikuwa ukiniuma kiasi cha kunikosesha usingizi. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikauliza sentensi niliyokuwa nimeifanyia mazoezi kwenye safari ya posta: "What does this word mean?" Mhudumu akashika kiuno chake na kukunja uso kuonyesha maumivu. Nikaandika 8.

Ziara ya pili ya zahanati ilihusu saa. Nilipigiwa simu nikaambiwa nije Alhamisi "two thirty". Nilitafsiri kwa haraka kichwani, saa mbili na nusu, nikawaacha watoto kwa jirani, nikafika asubuhi saa mbili na nusu kama tunavyoihesabu sisi, na kumbe kwa hesabu yao ilikuwa saa nane na nusu mchana. Nilikaa kwenye kiti kwa muda wa saa sita. Kosa lilikuwa langu, hakuna wa kulaumiwa, lakini siku ile nilijiandikia ukurasa mzima wa daftari swali moja tu, la kuuliza kama ni asubuhi au mchana, na hadi sasa huliuliza hata pale ambapo jibu ni wazi. Mwenzangu uliyewasili juzi, kama unahesabu saa kwa Kiswahili, fanya hivyo.

Kuna mambo ambayo safari hazikuyatibu haraka. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kusema "amekuja", nami kwa muda mrefu nilimwita mume wangu "she" na mwalimu wetu "he", hata nikijua kanuni. Na lipo neno "pole", ambalo Kiingereza hakina. Nilimkuta jirani akipandisha ngazi mizigo mizito, nikamwambia "Sorry", akasimama, akaniuliza nimemfanya nini. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa ninamhurumia kwa kazi yake. Mpaka leo nikikutana na mtu aliyelemewa, ulimi wangu hutafuta pole, haulipati, na badala yake ninamwuliza kama anahitaji msaada. Si sawa na pole, lakini mlango hufunguka.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya Februari 2019. Tarehe 30 Januari mwaka huo baridi ilikuwa imeshuka Chicago hadi nyuzi 23 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, karibu 31 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Shule zikafungwa, na sisi tukakaa ndani tukitazama barafu ikitanda kwenye vioo upande wa ndani. Tulipokutana tena darasani wengi wetu tulikuwa wanyonge, na mama mmoja wa Kirohingya, jamii iliyokimbia Myanmar, alisema waziwazi kwamba anataka kurudi kwenye joto, popote pale. Mwalimu akatupeleka kwenye nyumba za vioo za Garfield Park, magharibi mwa jiji, ambamo mimea ya nchi za joto hustawi mwaka mzima, na kuingia kwetu kulikuwa bure.

Njia yenyewe ilikuwa somo. Tulipanda treni ambayo wenyeji huiita kwa herufi moja tu, L, kwa sababu sehemu kubwa ya reli yake imeinuliwa juu ya barabara. Tulikwenda kwa njia nyekundu hadi kituo cha Lake, tukabadili kwenda njia ya kijani inayoelekea Harlem. Kila mmoja alipewa kipande chake cha safari: huyu atuambie tunashuka wapi, yule aulize ni ngazi zipi za kwenda njia ya kijani. Mama wa Kirohingya, ambaye darasani sauti yake ilikuwa haisikiki hata meza ya pili, alipewa kumwuliza mlinzi wa kituo. Alimwuliza mara tatu, kila mara sauti ikipanda, na mlinzi alipomwelewa akatuongoza mwenyewe hadi kwenye ngazi. Mama yule alitembea mbele yetu siku nzima.

Nyumba hizo zilifunguliwa mwaka 1908, na aliyezisanifu, Jens Jensen, alikuwa mhamiaji pia, mzaliwa wa Denmark. Paa zake za vioo zimevimba kama marundo ya majani makavu ya mashambani. Tulipofungua mlango wa ndani miwani ya mwalimu iliingia ukungu, na harufu ya udongo wa mvua ikanipiga usoni, harufu ya nyumbani, ya asubuhi ya masika. Tuliona kakao, kahawa na miwa. Kisha nikauona mgomba.

Nilikuwa nimesahau kwamba kitu kinaweza kunijua. Nilishika jani lake, ingawa pengine haikuruhusiwa. Alikuwapo mama mtu mzima anayejitolea kuwaongoza wageni, na mimi, bila karatasi yoyote, bila kusukumwa na mwalimu, nikamwuliza huku nikionyesha chane kimoja kilichoning'inia kwenye mkungu: "What do you call this?" Hakunipa neno la ndizi, maana alitambua kwamba hilo ninalijua. Aliinua kiganja chake akasema "hand", na kila ndizi moja moja ni "finger". Mkono na vidole. Darasa zima tukatazama mikono yetu. Kisha akaniuliza sisi tunaitaje, nikamwambia: huu wote ni mkungu, hiki ni chane, na mti wenyewe ni mgomba, si mndizi. Akataka nitamke tena taratibu. Nilipogeuka nilimwona mwalimu ameegemea ukuta wa mawe, daftari lake mkononi, akiandika neno "chane" na kunitazama ili nimhakikishie tahajia.

Tulirudi jioni kwa treni ileile. Sauti iliyorekodiwa ilisema "Doors closing", yaani milango inafungwa, katika kila kituo, kama inavyosema siku zote, na mzee wa Syria akawa anaitamka pamoja nayo, kwa heshima, kama mtu anayeitikia dua.

Siku hizi ninafanya kazi jikoni katika hoteli, na mchana mwingi unapita kwa Kiingereza. Darasa nimeliacha, kwa sababu zamu hazipatani nalo, lakini daftari la safu mbili bado ninalo. Msimu wa vuli wa mwaka jana niliitwa shuleni kwa mwanangu mkubwa, kwenye mkutano wa mzazi na mwalimu, ambao kwa miaka ya mwanzo nilikuwa nikiumaliza kwa dakika nne. Mwalimu wa mwanangu alieleza alama zake, akaeleza tabia yake, nikaitikia. Akauliza kama nina swali lolote, huku akikusanya karatasi zake na kuanza kuinuka, kwa maana wazazi wengine walikuwa wanasubiri nje na alikuwa amezoea jibu langu. Nikatoa daftari. Nilimwambia ninayo matatu. Akaweka karatasi mezani, akavuta kiti chake, akaketi tena.